Matanga ya Ngoma ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyua zao, majiko yao na majamvi ya kukalisha wageni, katika bonde moja palikuwa na ngoma mbili za kupelekea habari. Moja ilikuwa ya Mzee Tembo, juu kilimani. Ya pili ilikuwa ya Bwana Kiboko, chini kwenye kona ya mto.

Kila nyumba bondeni ilikuwa na mlio wake. Ukitaka kumwita shangazi yako aliye mbali, unachukua kapu la mtama, unakwenda kwa mwenye ngoma, naye anaupiga mlio wa nyumba ya shangazi: ndu-ndu, ti, ti. Shangazi akiusikia anajua anaitwa yeye, basi anajifunga kanga na kuja. Ngoma ya Tembo ilisikika milimani. Ya Kiboko ilifuata maji mpaka vijiji vya chini, na huko binamu zake Kiboko waliipokea na kujibu kwa ngoma zao ndogo. Ya Kiboko ikinyamaza, nao hunyamaza.

Tembo na Kiboko hawakupendana hata kidogo, na wateja walikula raha. Tembo akiongeza ada, wanyama wanashuka mtoni. Kiboko akilala na kusahau ujumbe wa watu, unamwambia tu, "Basi mimi nahamia kilimani." Hapo utamwona anatoka majini, chubwi, chubwi, maji yanamchuruzika.

"Usihame, bibie. Napiga sasa hivi. Na wa jioni nakupigia bure."

Mteja wake wa siku nyingi alikuwa Bi Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, mdogo kiasi kwamba Kiboko alipopiga chafya ilimbidi ashike jiwe. Binti yake, Mashavu, alikuwa ameolewa huko vijiji vya chini, na sasa alikuwa mjamzito. Uzazi wake wa kwanza ulimkuta peke yake. Mtoto hakuishi, na Mashavu mwenyewe nusura afe. Safari hii mama na binti walipatana: uchungu ukianza tu, Mashavu atatuma mlio, na Bi Pimbi ataondoka hapo hapo. Akiondoka asubuhi, adhuhuri amefika. Kwenda kukaa huko mapema hakuweza, maana hapa alikuwa na wajukuu wengine wa kulea.

Kila jioni Bi Pimbi alikaa juu ya jiwe lake akisikiliza mto.

Siku moja Kasuku akaruka bonde zima akitangaza.

"Habari njema kwa wateja wetu wapendwa. Mzee Tembo na Bwana Kiboko wameungana. Sasa ni familia moja. Hakuna kitakachobadilika, isipokuwa mambo kuwa mazuri zaidi."

Wanyama wakapiga makofi. Mama Kanga akapiga na vigelegele, ingawa huyo hupiga vigelegele hata mvua ikinyesha.

Jioni ile ile ngoma ya Kiboko ikabebwa mtoni, ikapandishwa kilimani, ikafungiwa ghalani kwa Tembo. Ya nini kulisha wapigaji wa ngoma mbili na kazi ni moja? Kiboko akaahidiwa fungu lake la mtama kila mavuno, akazama majini kulala. Mwezi uliofuata kapu la ada likawa kubwa, na foleni kilimani ikawa ndefu mpaka njiani.

Bi Pimbi naye alipanga foleni. Alipofika mlangoni, aliyekaa juu ya kizingiti ni Kasuku.

"Karibu, mteja wetu mpendwa. Shida yako ni muhimu kwetu."

"Ahsante. Nataka kujua kama binti yangu ameniita, na nataka mumpigie mlio wake."

"Mteja unayemtafuta hapatikani kwa sasa. Tafadhali rudi baadaye."

"Hapatikani, au hamjampigia?"

"Shida yako ni muhimu kwetu."

"Kasuku, mwanangu, nakuuliza wewe. Ngoma hii inafika vijiji vya chini?"

Kasuku akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. Kwa jambo hilo hakuwa amefundishwa maneno.

"Tafadhali subiri," akasema.

Mzee Tembo alikuwa ndani anakunywa uji. Akatoka mwenyewe, du, du, du.

"Bi Pimbi, una nini? Ngoma yangu ndiyo kubwa kuliko zote."

"Ni kubwa, Mzee, sikatai. Lakini inapita juu juu. Huko chini hawaisikii. Mwanangu anakaribia kujifungua na hana namna ya kuniita."

"Wataizoea."

"Basi nifungulieni ile ya mtoni niipige mwenyewe."

"Haiwezekani. Sisi sasa ni familia moja, na familia moja ina ngoma moja."

"Na mteja asiporidhika?"

"Ahame." Tembo akacheka mpaka masikio yakapepea. "Nenda kahame, Bi Pimbi. Ukipata pa kuhamia uniambie na mimi."

Bi Pimbi akashuka kilima na hasira zake. Lakini hasira zilimwishia njiani, ikabaki hofu. Alipofika kwenye kona ya mto akamwona Kiboko kalala majini, masikio tu na pua ndivyo vilivyokuwa nje.

"Bwana Kiboko."

Jicho moja likafunguka. "Nimestaafu, bibie. Mambo yote kilimani." Jicho likafungwa.

Bi Pimbi akakaa juu ya jiwe. Akayatazama yale masikio kwa muda mrefu, yametulia tuli, na hapo ndipo mila ya bonde ilipomjia kichwani.

Mila ilikuwa hivi. Ngoma ikinyamaza mwezi mzima, majirani hawaulizi. Wanajua mwenyewe amefariki. Wanachukua mikeka yao, wanakwenda kwa ndugu wa marehemu, wanalia, wanakula na kulala hapo hapo. Matanga hayaanuliwi mpaka ngoma ya marehemu ipigwe tena pale pale ilipokuwa. Na mfiwa hana ruhusa ya kumfukuza mwombolezaji hata mmoja, hata awe mlaji namna gani.

Ngoma ya Kiboko ilikuwa imenyamaza tangu mwezi ule ulioandama, ukajaa, ukaisha. Mwingine ulikuwa umeandama juzi tu.

Bi Pimbi akajifunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwa Mama Kanga akilia.

"Uwii, uwii. Mwenzangu, tumefiwa. Bwana Kiboko hatunaye."

"Hatunaye? Lini?"

"Wewe ngoma yake umeisikia lini mara ya mwisho?"

Mama Kanga akawaza, shingo imeinama. "Kweli, mwezi mzima umepita. Lakini si walisema wameungana?"

"Ndiyo maana msiba uko kwa Tembo. Familia moja."

"Kwa Tembo?" Mama Kanga akafuta machozi ambayo bado hayajatoka. "Ghala la Tembo limejaa?"

"Limejaa mpaka juu."

"Ngoja nichukue mkeka."

Mkimpa Mama Kanga habari ya msiba hamhitaji ngoma. Kabla jua halijaenda upande, Swala alikuwa njiani na mkeka wake, Ngiri na watoto wake wote, Kobe aliyeanza mapema kwa kuwa anajijua. Ua wa Tembo ukajaa pomoni. Kilio kikapanda: uwii, uwii.

Tembo akatoka na bakuli la uji mkononi.

"Kuna nini hapa?"

"Pole sana, Mzee," akasema Ngiri.

"Pole ya nini?"

"Jikaze. Ndugu yako ametangulia, sote tuko njiani."

"Ndugu yangu yupi?"

Bi Pimbi akasogea mbele, macho chini kwa adabu zote. "Bwana Kiboko, Mzee. Ngoma yake imenyamaza mwezi mzima. Na kwa kuwa mlitutangazia kwamba nyinyi sasa ni familia moja, tumekuja kulia kwako. Tungelia wapi?"

Tembo akafungua mdomo. Aseme nini? Aseme wao si familia moja, mbele ya wateja wote? Akaufunga. Akaamuru mtama ufunguliwe na masufuria yatelekwe.

Wanangu, wale wanyama walikula. Walikula asubuhi, wakalia kidogo, wakala mchana. Walioleta ada mwezi mzima sasa waliiona ikirudi katika sahani, na hakuna aliyekuwa na haraka. Kazi ya ngoma ikasimama, maana mwombolezaji halipi ada na mfiwa hafanyi biashara.

Bi Pimbi peke yake hakuweza kula. Alikaa pembeni ya ua, ule upande unaotazama mto, na kila tonge alilopewa alimpa mtoto wa Ngiri. Kila siku iliyopita alimwona akilini Mashavu amelala peke yake chini ya jabali, anaita, na sauti haifiki kokote. Alitamani kuondoka aende tu. Lakini akienda na siku bado, wajukuu wengine walio hapa nani atawalinda? Na akiondoka, matanga yatakosa wa kuyashikilia.

Ghala lilipoanza kuonyesha sakafu, Tembo mwenyewe akashuka mtoni mbio alfajiri. Akarudi anamvuta Kiboko kwa sikio.

"Mtazameni. Huyu hapa, mzima wa afya, na ananuka matope."

Kilio kikakatika. Wanyama wote wakageuka kumtazama Bi Pimbi.

Bi Pimbi akaziba macho. "Msimtazame. Mzimu huo."

"Mzimu gani?" akasema Kiboko. "Ni mimi Kiboko."

"Marehemu ndivyo alivyokuwa akisema," akasema Bi Pimbi kwa huzuni. "Sauti ni ile ile."

"Jamani, mimi sijafa."

"Kama hujafa, mbona nilikuita mtoni na hukutoka majini? Mbona ngoma yako haisikiki? Kiboko tuliyemjua sisi, ukimwambia unahama, alitoka majini anakimbia."

Kiboko akapangusa matope puani. Kwa mara ya kwanza aliona aibu.

"Mila inajulikana," akaendelea Bi Pimbi. "Ngoma yake ilie, pale pale kwenye kona ya mto. Ikilia tutajua ni mzima, tutakunja mikeka. Isipolia tunaendelea. Mama Kanga, mtama umebaki?"

"Umebaki wa kesho," akasema Mama Kanga.

Tembo akageuka, akaenda ghalani, akavunja kufuli alilofungia ngoma yeye mwenyewe, kwacha. Akaibeba ngoma mgongoni, akateremka nayo kilima chote mbele ya wateja, jasho linamtoka, akaitua kwenye kona ya mto.

"Piga," akamwambia Kiboko. "Piga, nakuomba."

Kiboko akapiga. Mikono ilikuwa mizito kwa kulala, lakini ikakumbuka. Akapiga mlio wa kila nyumba ya upande ule, kama inavyompasa mwenye ngoma aliyerudi. Sauti ikafuata maji, ikakata kona, ikaenda zake.

Wote wakatega masikio. Mto ukapita.

Kisha huko mbali, kwa binamu zake Kiboko, ikajibu ngoma ndogo. Ti, ti-ti, ndu. Ikarudia tena bila kupumzika. Ulikuwa mlio wa nyumba ya Bi Pimbi, na ukipigwa kwa haraka vile, maana yake ilikuwa moja: njoo sasa.

Bi Pimbi akasimama. Machozi yalimtoka, safari hii ya kweli, kwa furaha na kwa woga pamoja. Akaikaza kanga yake kiunoni.

"Bi Pimbi," Kiboko akamwita kwa sauti ya chini, "kweli ulidhani nimekufa?"

"Kwetu sisi wateja ulikuwa umekufa," akasema. "Ukinyamaza tena, tutakuja tena na mikeka."

Akaruka jiwe la kwanza, akaruka la pili, na kabla Kasuku hajamwambia asubiri, alikwisha potea kwenye majani ya njia ya chini. Adhuhuri alifika. Alimkuta Mashavu bado ana nguvu za kumlaumu, na yeye ndiye aliyempokea mtoto, wa kike, mzima, mwenye kelele nyingi.

Basi, wanangu, wakubwa wakikutangazia kwamba wameungana kwa ajili yako, usipige makofi kabla hujajaribu kuita na ukaitikiwa.