Betri ya Wajane wa Shebughe

Mwenye usingizi akanawe uso, maana hukumu ya hadithi hii nitaitaka kwenu.

Huko Soni, marehemu Shebughe aliacha wajane watatu wasiopikiana hata uji. Mkubwa, Mwanaheri, alikuwa na jicho. Hakuna mchuuzi aliyewahi kumpa kikuukuu akakiita kipya. Wa kati, Kibibi, alikuwa na mgongo. Mdogo, Zuhura, alikuwa na mikono, kwani baba yake alikuwa fundi redio na yeye alikulia chini ya meza ya kazi.

Maji ya kutokea eda hayajakauka, shemeji yao Kupaza akawatoa nyumba kubwa, akaingia yeye. Sufuria za Kibibi alizirusha matopeni mwenyewe, moja moja, huku anacheka. Kibibi akaziokota, na juu ya kila moja akaapa kisasi.

Wakabaki na karavani kuukuu ya marehemu, ile nyumba ya bati ya kuvutwa na gari. Hata hiyo Kupaza aliitaka, akaiuze chuma chakavu.

"Hii si nyumba," akawaambia wazee wa ukoo. "Nyumba huwaka taa."

Mjue kwamba betri yake alikwisha kuing'oa yeye, anaangalizia televisheni! Wazee wakaamua: taa zikiwaka ifikapo Ijumaa alasiri, karavani ni ya wajane.

Kupaza akacheka mpaka akashika mbavu. "Wake wenza hawa? Naapa mbele yenu: ikiwaka, nitapiga magoti, na aliyeiwasha anipe adhabu aitakayo, nami nitaitii."

Wazee wakakipokea kiapo. Jioni ile wajane wakala sahani moja.

Mwanaheri akavua bangili zake za fedha aziuze, akateremka mlima na Kibibi hadi mjini Mombo. Muuzaji akamletea betri inayong'aa. Akaipitishia kucha, rangi ikabanduka. "Mwanangu, kikongwe hiki umekipaka wanja." Akaletewa mpya ya gari, nayo akaikataa: "Hiyo ni ya kuamsha injini ikapumzika. Nataka ya sola, ya kukesha na taa." Akasoma tarehe, akataka ipimwe mbele yake.

"Mama, una nuksi wewe!"

"Nuksi yangu hujaiona. Kuna mtu nimemwekea."

Wenye pikipiki wote wakakataa kuwapandisha. "Tumekatazwa, mama," wakasema, na Kibibi akajua ni nani aliyekataza. Akaifunga betri mgongoni kwa kanga, wima, maana ikilala humwaga tindikali. Mlima mzima alihesabu sufuria: hii ya wali, hii ya maharage, hii aliyoniachia mama. Mara moja akateleza, betri ikainama, tindikali ikamlamba bega. Hakuitua. "Kupaza," akasema, "nitakutafuna bila chumvi."

Ndani ya karavani, Zuhura akafungua kisanduku cha betri chini ya kitanda. Waya mbili, nyekundu na nyeusi. Mwingine angefunga palepale. Yeye akazifuata kwa vidole mpaka mwisho wake, akakuta zimegeuzwa. "Shetani huyu! Alitaka tuungue humu!" Akazirudisha mahali pake, akakwangua kutu kwa msasa, akatia fyuzi mpya, akafunga chanya, akamalizia na hasi.

Ijumaa alasiri, mbele ya wazee, vidole vitatu vikabonyeza swichi pamoja. Ndani kukawa kweupe pee! Kupaza akapiga magoti pale pale matopeni zilipoangukia sufuria.

"Nani aliyeiwasha?" akauliza mzee wa ukoo.

"Mimi," akasema Mwanaheri. "Bila jicho langu mngenunua rangi. Atutokee nyumbani kwetu leo hii, na Soni asikanyage tena."

"Mimi," akasema Zuhura. "Bila mikono yangu betri hiyo ingetuchoma. Akae yeye humu ndani, na waya nizigeuze kama alivyozigeuza, amwombe Mungu kila akigusa swichi."

Kibibi akafunua bega, jeraha bado bichi. "Mimi. Betri iliyobaki Mombo haiwashi kitu Soni. Arushiwe vyombo vyake matopeni, kimoja kimoja, alale nje masika yote. Na mimi nicheke."

"Aliapa kwa mtu mmoja na adhabu moja," akasema mzee. "Karavani ni yenu. Lakini adhana ya magharibi ikilia hamjanipa jina, Kupaza atainuka aende zake, na nyumba kubwa ibaki kwake."

Wajane wakatazamana kwa jicho lao la zamani, la wake wenza. Hakuna aliyerudi nyuma, mpaka jua likakaribia kuzama. Kibibi akamgeukia Kupaza: kichwa ameinamisha, magoti matopeni, lakini mdomo unacheka. Ni kicheko kile kile cha siku ya sufuria.

Muadhini keshaanza kusafisha koo. Haya, nyie mliokaa kunisikiliza: jicho, mgongo, au mikono? Wewe ungeamua vipi? Nipeni jina moja, upesi, kabla mtu yule hajafuta matope magotini.