Pimbi na Kiboko Mwenye Salamu Ndefu

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mtandao, tena wa kubahatisha.

Haya, mwenye masikio asogee. Mwenye usingizi alale pembeni, ila asikorome.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana mtandao ulikuwa umeshafika porini, alikuwepo Pimbi. Mnamjua Pimbi: mnyama mdogo, mkia hana, anakaa majabalini na ndugu zake lukuki. Huyu wetu alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Bondeni, mwaka wa mwisho.

Chuo chenyewe hakikuwa na uwezo wa kumsafirisha mwanafunzi popote, basi Pimbi akawa anahudhuria makongamano ya mtandaoni. Kongamano la nyuki, Pimbi yumo. Warsha ya mizizi, Pimbi yumo. Semina ya wanyama wenye pembe, naye hana hata kipembe cha kuazima, yumo. Kila asubuhi alipanda jabali, kwaruu, kwaruu, kwaruu, mpaka kileleni, kwa sababu kwao mtandao ulipatikana huko tu. Akaegemeza kompyuta yake kwenye jiwe na kutega masikio.

Alijifunza mengi. Alijifunza kwamba mwanzo wa kila kikao watu huulizana kama wanasikika. Alijifunza kwamba msemaji akiahidi kuwa mfupi, ni vyema ukatafute mto wa kulalia. Na alijifunza kwamba wakubwa wa porini hawasemi neno la maana kabla hawajatambuana, fulani na cheo chake, fulani na cheo chake, maana mkubwa asipotajwa hununa msimu mzima. Hilo la mwisho Pimbi aliliweka moyoni.

Sasa, msimamizi wa Pimbi pale chuoni alikuwa Profesa Kiboko. Alikuwa mkubwa wa umbo, mkubwa wa sauti, na tamaa yake ilivizidi vyote viwili. Mchana kutwa alilala bwawani, macho na masikio nje, akingoja wanafunzi wamalize kazi zao. Swala akiandika, Kiboko anaiwasilisha kwa jina lake. Ngiri akiandika, Kiboko anaiwasilisha kwa jina lake. Kuisoma kabla ya siku yenyewe? Hiyo aliiona kazi ya watoto. Alikuwa akiiona siku hiyohiyo, mwanafunzi akimfungulia kurasa mbele ya watu, na yeye akiguna tu, "Songa mbele."

Pimbi alikuwa ametafiti kwa nini maji ya bwawa la Bondeni yamechafuka, samaki wanakufa, na watoto wa wanyama wanaumwa matumbo kila kukicha. Alishinda ukingoni mwa bwawa miezi mingi, akichota maji kwa kibuyu na kuyachunguza. Alipomaliza, likatangazwa Kongamano Kuu la Maji, la mtandaoni. Mwenye kazi bora angepewa nafasi ya kusoma Chuo cha Ng'ambo, chakula na malazi bure. Pimbi aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote duniani. Kwao majabalini hakuna aliyewahi kuvuka mto kwa ajili ya masomo.

Akateremka mpaka bwawani na kazi yake mkononi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu." Kiboko akatazama jalada tu. "Kichwa cha habari kizuri. Nitaiwasilisha mimi, wewe utanifungulia kurasa."

"Na jina langu, Profesa?"

"Jina lako fupi mno, mwanangu, litapotea. Tutaweka langu."

Akazama, chubwi. Mazungumzo yakawa yamekwisha, na nafasi ya Ng'ambo ikazama naye.

Pimbi alilia. Siwafichi, alilia kweli, akalia mpaka ndugu zake wakatoka mapangoni kuuliza nani amekufa. Alipochoka kulia akajifuta makamasi, akawaza. Kisha akaanza kutabasamu. Akawaita kaka, dada, binamu na shangazi, akamgawia kila mmoja jina la kuingilia mkutanoni. Wakacheka mpaka wakabiringika juu ya mawe.

Siku ikafika. Mwenyekiti alikuwa Bi Korongo, ndege mwenye shingo ndefu na subira fupi. Kwake, msemaji ana dakika kumi. Zikiisha, anaonyesha ukurasa wa matokeo, anajibu swali moja, anaketi. Pimbi alikuwa amehudhuria vikao vyake vingi na alijua kwamba mama huyo haongezi muda. Hata Simba aliwahi kukatizwa katikati ya ngurumo.

Kiboko akatokea kwenye kioo, amevaa tai. Akauliza kama anasikika. Akaambiwa anasikika. Akauliza kama anaonekana. Akaambiwa inaonekana pua. Akarudi nyuma kidogo, akakohoa, akaanza.

"Kabla sijasema lolote, nizingatie itifaki. Namtambua Mheshimiwa Mwenyekiti, Bi Korongo."

Tii! Kuna aliyeingia. Jina likasomeka: Mheshimiwa Balozi wa Majabali ya Juu. Kamera ameifunga, kama wafanyavyo wakubwa.

Pimbi akamwandikia Kiboko ujumbe wa pembeni: Profesa, huyo ni mzito, asipotajwa atanuna. Na Kiboko hakutaka kununiwa na balozi.

"Namtambua pia Mheshimiwa Balozi wa Majabali ya Juu. Karibu sana, Mheshimiwa."

Tii! Dakta Bingwa wa Mawe Makavu.

"Namtambua Dakta Bingwa wa Mawe Makavu. Karibu sana, Dakta."

Tii! Mama Mlezi wa Mapango Yote. Huyo, nawaambia ninyi tu, alikuwa shangazi yake Pimbi, na ilikuwa mara yake ya kwanza kushika kompyuta.

"Namtambua Mama Mlezi wa Mapango Yote. Karibu sana, Mama."

Tii! Tii! Tii! Wakaingia wakuu wa miamba, wakuu wa kokoto, wakuu wa vichaka. Kiboko akawatambua wote. Balozi mtandao wake ukakatika, akatoka, akarudi. Tii! Akatambuliwa upya na kupewa pole. Mwisho akaingia Mfalme Mstaafu wa Kilele, na hapo Kiboko akaweka mkono kifuani, akaeleza kirefu jinsi yeye na Mfalme walivyosoma darasa moja na kulala bweni moja.

"Baada ya kuzingatia itifaki," akasema akijipangusa uso, "sasa naomba niingie kwenye mada."

"Muda wako umekwisha, Profesa," akasema Bi Korongo. "Tuonyeshe matokeo, kisha utujibu swali moja. Nini kinachochafua bwawa?"

"Songa mbele," Kiboko akaguna.

Pimbi akasonga mbele mpaka ukurasa wa mwisho. Maandishi makubwa, yasomeke hata kwa mwenye mtoto wa jicho: Bwawa linachafuliwa na Kiboko, anayelala na kujisaidia humohumo. Chini yake picha ya Kiboko, amelala, inzi mgongoni.

Kisha kamera zilizokuwa zimefungwa zikaanza kufunguka. Tembo akafungua, na wanawe hunywa maji ya bwawa lile. Nyati akafungua. Pundamilia akafungua. Wote wakawa wanamtazama Kiboko, na hakuna aliyekuwa akicheka.

"Profesa," akasema Bi Korongo, "haya ndiyo matokeo ya utafiti wako?"

Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia. Akisema ni yake, amejishitaki mwenyewe na bwawa litamponyoka.

"Yangu? Hapana, ndugu zangu. Mimi mtu mzima niandike mambo kama haya? Kazi hii ni ya Pimbi, mwanafunzi wangu. Ni yake kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Mimi hata kuisoma sijaisoma."

"Una hakika?"

"Naapa."

"Vizuri," akasema Bi Korongo. "Kikao kinarekodiwa."

Pimbi akafungua kipaza sauti. Akamshukuru Profesa kwa sauti ya upole, ile wanayotumia wageni wakiomba maji. Kisha akalijibu swali, tena akalijibu vizuri, kwa sababu kila tone alilichota mwenyewe. Kabla ya jua kuinama akatangazwa mshindi, na jina lake, fupi hivyohivyo, likasomwa kwa Chuo cha Ng'ambo. Majabalini walipiga vigelegele mpaka mwewe akahama.

Na Kiboko? Kiboko alipewa cheti cha ushiriki kama wengine. Ukipita kule atakusimamisha akueleze kwamba yeye ndiye aliyemlea Pimbi, na kwamba siku ile alimwachia kazi kwa hiari yake, kwa moyo wa ulezi. Wanyama wakaunda kamati ya kusafisha bwawa. Mwenyekiti wa kamati ni Kiboko, kwa kuwa hakuna anayelijua bwawa kama yeye, na vikao vyote vinafanyika humohumo majini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aende nayo kwake, asiyeipenda aiache mlangoni, nitaiokota nikitoka.

Na fundisho lake, wanangu, mlishike. Msimamapo kusema mbele za watu, watambueni wakubwa mmoja mmoja, msimruke hata mmoja. Na mwalimu wako akiitaka kazi yako, usimnyime. Mpe yote, kwa mikono miwili na kwa adabu, wala usimsumbue kwa kumwambia kilichoandikwa ndani.