Pimbi na Chumvi Iliyomwagika Mchangani

— Paukwa!
— Pakawa!
— Masikio yapo?
— Yapo!
Basi tulieni nyinyi, maana Pimbi hakutulia.

Hapo zamani za kale, nyati walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa hulambishwa chumvi, ndipo apewe jina. Asiyelamba hana jina. Na kundi likihama, vumbi likatanda, mama huwaita watoto kwa majina. Asiye na jina ataitwaje? Huachwa nyuma, na Fisi yupo.

Mtunza chumvi alikuwa Pimbi wa majabalini. Siku moja Mama Nyati akajifungua, na kundi linahama jioni hiyo hiyo, majani yamekwisha. Pimbi akabeba kibuyu cha chumvi, akakimbia, chapu chapu, chapu chapu. Akajikwaa. Pu! Kibuyu huku, kizibo kule, chumvi yote mchangani.

Akachota kwa vidole, ukaja mchanga. Akapuliza, fuu, chumvi ikaruka na mchanga wake.

Fisi akapita. "Ndiyo basi tena, bibi. Kama ile kengele."

Maneno yakamchoma. Masika yaliyopita aliisahau kengele ya chuma mvuani. Ikaliwa na kutu hata ikamong'onyoka. Akauosha ule unga mwekundu, akauchuja, akauanika. Chuma hakikurudi.

"Na chumvi nayo haitarudi," akawaza. Kule bondeni nyati wameanza kusimama, mmoja mmoja. Pimbi akiogopa hulamba vidole. Akalamba. Akasita. Akalamba tena.

"Bwana Fisi, huu mchanga una chumvi."

"Si umeimwaga mwenyewe?"

"Nasema chumvi bado ni chumvi. Chuma ukikivunja, kila kipande ni chuma, ukikigonga kinalia. Ile kutu niliigonga, haikulia. Chuma kiliungana na maji na hewa, kikawa kitu kingine. Chumvi na mchanga vimechanganyika tu, kila kimoja na tabia yake."

"Haya, vitenganishe tuone," Fisi akasema, akakaa kungoja.

Pimbi akauzoa mchanga, akautia kibuyuni, akakimbilia kisimani, akatia maji. Kwachu kwachu kwachu. Akakitua. Loo, kungoja mchanga uzame! Ardhi inatetemeka kwa kwato, naye anangoja. Ukazama. Akayamimina maji taratibu kwenye kifuu, mchanga ukabaki chini. Kuyaanika mpaka ibaki chumvi kavu, muda hakuna. Akakimbia nayo vilevile mpaka kwa nyati.

"Haya ni maji," akasema fahali mzee.

"Yaonje, babu."

Mama Nyati akaonja yeye. Kisha akamdondoshea mwanawe ulimini, to. Mtoto akakunja uso.

"Ni chumvi," akasema mama. "Na kwa siku ya leo ilivyokuwa, jina lake Mashaka."

Kundi likaondoka. Vumbi likafunika kila kitu. Pimbi akapanda jabali, kibuyu kifuani.

"Mashaka! Mashaka, mwanangu!"

Ni mama anaita vumbini. Mama akaita tena. Ndipo ndani ya vumbi kikatoka kijisauti: mbee. Pimbi akakaa chini. Fisi akaenda zake na njaa yake.

Funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo: vilivyochanganyika tu hutenganishwa, vilivyoungana vikawa kitu kingine havirudi kwa kuoshwa. Pambanua kwanza, ndipo ukate tamaa. Na chumvi yenyewe? Ni vitu viwili vikali vilivyoungana, metali iwakayo majini na hewa ya sumu, na leo mnaitia mchuzini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye chumvi kidoleni ailambe, akalale.