Mistari Kwenye Chupa ya Dawa

Wapendwa, kabla sijafika kwenye neno lenyewe, niwape habari ya bwana mmoja. Msigeukiane kuulizana ni nani. Ukimtafuta humu ndani utampata kila benchi.

Bwana huyu alikuwa mlinzi wa getini kwenye ghala la sukari. Kazi yake ilikuwa kukagua mifuko ya wanaotoka na kuandika daftarini nani kaingia, nani katoka, kabeba nini. Aliifanya miaka tisa, na aliifanya vizuri. Tatizo ni kwamba zamu ikiisha aliivua sare, lakini geti alirudi nalo nyumbani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Zamani alishonea sokoni, ila walipopata watoto waliofuatana, mmoja wa miaka miwili na mwingine wa miezi saba, akahamishia cherehani sebuleni. Ulikuwa msimu wa kufungua shule, na sare za watoto wa watu zilikuwa zimejaa hadi kwenye viti. Mtu akimuuliza yule bwana mkewe anafanya nini siku hizi, alijibu, "Yupo tu nyumbani." Kina baba, mnacheka nini?

Siku moja mlinzi mwenzake akamsimulia kwamba mtaani kwao dada wa kazi alikutwa akiwanywesha watoto dawa ya kikohozi ili walale, yeye apate kutazama tamthilia. Bwana wetu akakumbuka kwamba kila anaporudi saa nane mchana huwakuta wanawe wamelala fofofo. Watoto wadogo kiasi kile, wawili kwa pamoja, na cherehani inanguruma? Wewe mama uliyelea, umewahi kuona jambo hilo?

Basi akaanza uchunguzi. Aliinama kana kwamba anawabusu watoto, kumbe ananusa midomo. Juu ya kabati palikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto. Akaishusha, akachora mstari kwa kalamu pale dawa ilipoishia, akaandika na tarehe. Kesho yake dawa ilikuwa imeshuka. Akachora mstari mwingine. Keshokutwa imeshuka tena, akachora wa tatu, na watoto hawakuwa hata na mafua.

Na mtu akishaanza kushuku, ndugu zangu, kila kitu kinageuka ushahidi. Mkewe alikuwa na tabia ya kuinuka ghafla, kutoka uani, kukawia huko, na kurudi akijifuta mdomo kwa kanga. Anaficha nini uani? Tena alikuwa ameyabana magauni yake mwenyewe kiunoni, moja baada ya jingine. Anajipendezesha kwa ajili ya nani, na mume yuko getini tangu alfajiri? Yote hayo akayaweka rohoni kama anavyoyaweka daftarini.

Siku ya nne aliomba ruhusa kazini, akarudi saa nne asubuhi. Alipitia uani, viatu mkononi, ananyatia nyumba yake mwenyewe. Akachungulia dirishani.

Akamwona mkewe kwenye cherehani. Mdogo alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kanga. Mkubwa alikuwa amelala juu ya rundo la vitambaa, ameegemeza kichwa kwenye mguu wa meza. Mama anakanyaga, meza inatikisika, na ule mtikisiko ndio uliowalaza. Alipoacha kukanyaga kidogo tu, mdogo akaanza kulia. Akarudisha mguu haraka, mtoto akatulia. Hakuwa na namna ya kupumzika.

Yule bwana angeridhika hapo. Lakini akamwona mkewe ananyoosha mkono na kuishusha ile chupa. Hakungoja. Aliingia kwa kishindo, viatu bado mkononi.

"Leo nimekukamata. Unawalewesha wanangu."

Watoto wote wawili wakaamka wakilia. Mama hakubishana naye. Alimimina dawa kwenye kifuniko, akainywa yeye mwenyewe mbele ya mumewe, akangoja kifua kitulie.

"Dawa nakunywa mimi, baba watoto. Hii ni wiki ya sita nakohoa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikohoa tukiwa tunakula, ukaniambia nitoke nje nisiwaamshe watoto. Ndiyo natoka. Na hospitali ningekwenda, hawa ningemwachia nani, na wewe unasema nipo tu?"

Ndipo akaigeuza ile chupa kwenye mwanga, akaiona mistari na tarehe zake. Hasira hakuwa nayo, alikuwa na huzuni.

"Chupa umeitia alama kila siku, ukaona inapungua," alisema. "Mimi ningetiwa wapi alama ili unione?"

Hapo ndipo yule bwana alipolitazama gauni. Lilikuwa limekunjwa kiunoni mara mbili, limeshikizwa na pini. Akaelewa kwa nini mkewe aliyabana magauni, na aibu ikamshika hata akakaa chini juu ya sare za watu.

Alimpeleka hospitali siku hiyohiyo, amembeba mmoja na kumshika mwingine mkono. Nesi akauliza kikohozi kilianza tarehe ngapi, na mgonjwa amepungua kilo ngapi. Wapendwa, bwana aliyeandika tarehe tatu kwenye chupa moja hakuwa na hata moja ya kumpa nesi.

Sasa nisiwadanganye, sisi ndio wale. Mke ana mtoto mgongoni na kazi mkononi, nasi tunasema yupo tu. Tunajua saa aliyochelewesha chakula. Tunajua amepiga simu mara ngapi. Tumehesabu mpaka vipande vya sabuni. Halafu tunajiita waangalifu. Je, Mungu naye angetuangalia hivyo, nani angebaki kwenye benchi lake hapa?

Macho tunayo, na makali kweli. Tumeyaelekeza kwa mwizi ambaye hayupo, na mgonjwa tunaye ndani. Leo ibada ikiisha, rudi nyumbani mapema, lakini pitia mlango wa mbele, na viatu miguuni. Mpokee mtoto mikononi mwake. Kisha keti umtazame usoni, umuulize anaendeleaje, na usinyanyuke mpaka akujibu.