Shuka Nyeupe za Siku ya Meza ya Bwana

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kikohozi akohoe sasa, nisikatizwe.

Zamani sana, kabla bibi zetu hawajawa bibi, kulikuwa na kijiji cha Wakristo huko milimani. Mchungaji aliwafikia mara moja tu kwa mwaka, kuwaandalia Meza ya Bwana. Kwa siku hiyo kila mtu alikuwa na shuka yake ya merikani. Walizifua mtoni, pwa, pwa, pwa, mpaka zikawa nyeupe pe.

Wakajiwekea na desturi. Ukishavaa shuka yako husafishi kidonda, humbebi mgonjwa, hugusi damu. Shuka ikiingia doa, huikaribii Meza mpaka mwakani. Huo ndio waliouita utakatifu, na waliuonea fahari kwelikweli.

Basi alfajiri ya siku yenyewe, Naetwe, mke wa Kiariro, akashikwa na uchungu. Ilikuwa mimba ya kwanza, na mtoto hatoki. Kiariro akakimbia, tapu tapu tapu, hadi kwa Mama Mbonea, mkunga wa kijiji.

"Hodi, mama. Mke wangu anakufa."

"Pole, baba. Nimeshavaa nyeupe."

Akakimbia, tapu tapu tapu, nyumba ya pili.

"Hodi, mama. Mke wangu anakufa."

"Pole, baba. Nimeshavaa nyeupe."

Nyumba ya tatu, vilevile. Wala hawakuwa watu wabaya, jamani. Walimwogopa Mungu, ila walimwogopa vibaya.

Akafika kwa Bibi Nakijwa, mkongwe kuliko wote kanisani. Naye alikuwa amevaa nyeupe pe. Alimsikiliza, akachukua mkongojo wake.

"Tangulia, mwanangu. Nakuja."

"Na shuka yako, bibi?"

"Nitakwenda nayo hiyohiyo. Nikianza kubadilisha tutachelewa."

Kengele ya kanisa ikalia, ngo, ngo, ngo. Kule nyumbani Naetwe anasukuma, Bibi Nakijwa amemshika. Akasukuma tena. Ngaa, ngaa! Mtoto akalia. Mama mzima, mtoto mzima. Lakini mvua ya usiku ilikuwa imevuja paani, nguo zote za ndani zimelowa, na shuka ya bibi imelowa damu. Mtoto akaanza kutetemeka kwa baridi ya mlimani.

Bibi akashika njia ya kanisani. Mlangoni akamkuta mwinjilisti Elinaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Nisamehe, bibi yangu. Huwezi kuingia na damu. Hapa ni patakatifu."

"Sikuja kuingia. Nimekuja kuomba shuka. Mtoto wa Naetwe anakufa kwa baridi."

Waliokuwa ndani wakasikia yote. Kila mtu akaitazama shuka yake. Bibi akasema, tena polepole, bila hasira:

"Wanangu, mtakatifu ni mtu wa Mungu. Mmejitenga na dhambi, mmefanya vyema. Lakini mmejitenga na Naetwe pia, na Mungu alikuwa kule kwa Naetwe. Yesu aliwagusa wenye ukoma. Je, mkono wake ulipungua utakatifu?"

Mama Mbonea akainuka. Alikuwa analia, na hakujificha. Akaivua shuka yake, akabaki na kaniki yake nyeusi ya shambani.

"Nipishe, mwinjilisti," akasema. Akatoka nayo mbio kwenda kumviringisha mtoto. Mwanamke wa pili akamfuata na shuka yake, kisha wa tatu.

Mwinjilisti akamgeukia mchungaji, hajui afanye nini. Mchungaji akaufunika mkate.

"Tutawangoja," akasema.

Wakangoja mpaka jua likawa utosini. Wanawake wakarudi, mmoja na kaniki, mwingine na doa kifuani. Wakamketisha Bibi Nakijwa katikati yao, na shuka yake ya damu vilevile, wakala Meza ya Bwana pamoja. Mtoto yule aliishi.

Wanangu, utakatifu si woga wa kuchafuka. Ni kuwa wa Mungu mzimamzima, na aliye wa Mungu humfuata Mungu hata kwenye damu.

Hapo ndipo ninapoiacha hadithi yangu. Nanyi mkisikia jirani analia, msizitazame nguo zenu.