Lakiri ya Bwana Afya

Bi Shemsa alichoma pweza ufukweni, pasipo na ukuta wala mlango, na wacheza mawimbi walikula kwake huku wakidondosha maji ya bahari. Bwana Afya Makwega alikuja kumfungia, kitabu cha kanuni kwapani, suruali imepigwa pasi kuliko mchanga ulivyostahili.

"Mkahawa wako hauna mlango, mama. Naufunga leo."

"Haya, baba, mimi nani nishindane na serikali? Niandikie tu sababu, wateja wasidhani nimewalisha ugonjwa."

Makwega akaandika kwa mwandiko mzuri kwamba mkahawa hauna mlango, akatia sahihi na mhuri.

"Sasa nisomee namna ya kufungwa. Sitaki kufungwa kienyeji."

Makwega alifurahi kumpata raia mwelewa. Akasoma: "Mkahawa utahesabika umefungwa pale tu lakiri itakapobandikwa mlangoni."

"Basi bandika, baba."

Makwega akaibandua lakiri kwenye karatasi yake, akazunguka meza zote nne akitafuta pa kuibandika, gundi ikamganda kidoleni.

"Nimwite seremala atupachikie mlango?" aliuliza Bi Shemsa. "Ila ukishapachikwa, sababu uliyosaini itakuwa imekwisha. Kaa, baba. Pweza ameiva."