Gome la Nungunungu

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa kilio. Sogeeni karibu, sauti yangu ni ndogo.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya wanyama, iliingia homa. Dawa ilikuwepo, Mwenyezi Mungu alikwisha kuiotesha: mzizi mchungu. Lakini mzizi ule ulikuwa na sumu, na aliyejua kuitoa ni Nungunungu peke yake, msomi wa nchi. Aling'oa mwiba mgongoni, akaandika juu ya magome ya mti, akagawa kila nyumba.

Desturi yao ilikuwa hivi: gome la msomi hupokewa kwa mikono miwili, huwekwa kichwani, na mpokeaji husema, "Nimeelewa, Mwalimu." Kuuliza ilikuwa kumvunjia heshima.

Digidigi alikuwa mjane mwenye watoto watatu: Mosi, Pili na Tatu. Akapokea gome, akaliweka kichwani. "Nimeelewa, Mwalimu."

Gome lilisema: "Mzizi uliotajwa, baada ya kupitishwa motoni mara zisizopungua tatu, na vimiminika vilivyotangulia vikiwa vimeondolewa isipokuwa cha mwisho, utatolewa kwa mgonjwa kwa kipimo kisichozidi kijiko."

Mosi akashikwa na homa. Digidigi akasoma, akasoma, akasoma. Akaona moto, akaona kijiko. Akachemsha mara moja tu, akampa kijiko. Mosi akafa. Akamzika.

Pili akashikwa na homa. Digidigi akamwita Kasuku, msomaji wa shughuli zote. Kasuku akasoma kwa sauti tamu, akapandisha, akateremsha, majirani wakatokwa na machozi.

"Basi nifanye nini, Kasuku?"

"Mimi nasoma, dada. Kufanya ni kwako."

Akachemsha mara tatu, maji yale yale. Pili akafa. Akamzika.

Tatu akashikwa na homa. Digidigi akachukua gome lake, akaenda kwa Nungunungu mchana, mbele ya watu.

"Mwalimu, sijaelewa."

Watu wakaguna. Fisi akacheka. "Kichwa chenyewe kama ngumi! Kingeelewa nini?"

Nungunungu akasimamisha miiba. "Ulisema umeelewa."

"Nilisema uongo, Mungu anisamehe. Nimezika wawili. Sina aibu iliyobaki. Niambie, naanza na nini?"

"Unachemsha."

"Halafu?"

"Unamwaga maji."

"Halafu?"

"Unatia maji mengine, unachemsha, unamwaga tena. Maji ya tatu ndiyo dawa. Kijiko kimoja, basi. Si ndivyo nilivyoandika?"

Digidigi akakimbia nyumbani, akaokota gome jipya, akaandika kwa ukwato: tendo moja, mstari mmoja, la kwanza juu, la mwisho chini. Kisha akamwita jirani yake Kanga, aliyejua herufi tu.

"Shoga, soma ufanye. Usiniulize kitu, nikuone."

Kanga akachemsha. Akamwaga maji, na mzizi akaumwaga nayo.

Digidigi hakumcheka. Akaongeza mstari: "Mzizi ubaki chunguni." Kanga akaanza upya. Safari hii hakukosea. Maji ya tatu ya chungu kile kile, Tatu akapewa kijiko. Akatoka jasho. Akaomba uji.

Gome la Digidigi likanakiliwa nyumba kwa nyumba, na makaburi mapya yakawa machache. Ndipo Nungunungu alipokuja mlangoni.

"Umeniharibia maneno yangu, Mama Mosi. Uzuri wake wote umeuondoa."

"Ndiyo, Mwalimu. Uzuri wake nimeuzika nyuma ya nyumba, mahali pawili. Nenda ukausome."

Nungunungu akaenda nyuma ya nyumba. Akasimama pale mpaka magharibi. Aliporudi, akanyoosha mikono miwili, akaomba gome la Digidigi.

Basi wanangu, ukiandika, mwandikie aliye na mgonjwa mikononi. Mpe asiyejua asome mbele yako. Akikwama, aliyekosea ni wewe. Na usipoelewa, sema. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia kwa sababu hatukusema.

Hadithi imefika kituoni. Ikiwa imeeleweka, ni yenu. Ikiwa haikueleweka, kosa ni langu, nitaisimulia upya, polepole zaidi ya hivi, na mtajuta kuniuliza.